Injini iliyochemka: lipia jibu kabla ya kulipia spea

Foleni ya feri ya Likoni, hapa Mombasa, ilikuwa imesimama, jua la saa nane mchana limetulia juu ya paa za magari, na mshale wa joto kwenye dashibodi ya Toyota NZE yangu ukaanza kupanda. Nilizima kiyoyozi. Haukushuka. Nilipofungua boneti niliona feni ya rejeta, chombo kinachopoza maji ya injini, haizunguki kabisa, na maji yanatokota ndani kama sufuria ya wali. Kijana mmoja alinijia na mtungi wa maji ya kisima. Mvuke ulipotulia kidogo nikayamimina yote kwa pupa: maji baridi, ya chumvi, ndani ya injini ya moto. Feri ikaja, nikavuka. Kufika Mwembe Tayari mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na safari hadi Kisauni.

Kilichoniponza ni ule mshale uliolala. Kihisi cha joto hupima maji yanayokigusa. Maji yakishapungua, kihisi kinabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Magari mengi madogo ya siku hizi, kama baadhi ya Toyota Vitz, hata mshale hayana. Yana taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya hatari, basi. Kwa hiyo gari likichemka kisha mshale ukashuka ghafla bila wewe kufanya lolote la maana, zima injini hapo hapo. Gharama ya gari la kuvuta itakuuma siku moja. Kilomita nane za kwenda nyumbani na injini kavu zinaweza kukugharimu injini nzima.

Kesho yake nilimwita fundi. Aliangalia, akanusa, akachomoa kijiti cha oili, akanyamaza. Nikamwuliza, "Fundi, itanigharimu ngapi?" Akanijibu, "Kaka, leo sikupi bei. Nikikupa bei leo nitakuwa nakudanganya." Wakati ule niliudhika. Leo naona lile ndilo neno la thamani kuliko yote niliyoambiwa kuhusu gari lile, na makala hii yote inalizunguka. Bajeti ya injini iliyochemka haianzi na orodha ya spea. Huanza na kulipia majibu, moja baada ya jingine, na kila jibu linakuonyesha kama kuna haja ya kutoa pesa inayofuata.

Joto linaharibu nini hasa

Hedi, yaani kipande cha juu kinachofunika silinda, kwa injini nyingi za petroli siku hizi ni ya alumini. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa. Sasa fikiria hedi iliyobanwa kwenye bloku, mwili wa injini wenye silinda, kwa bolti kumi za chuma. Ikizidi kutanuka haina pa kwenda, kwa hiyo inajipinda, na ikipoa hairudi ilivyokuwa. Gasketi iliyo katikati ya hedi na bloku, yenye kazi ya kutenga moto, maji na oili, inabaki imefinywa upande mmoja na kulegea upande mwingine.

Hapo njia zinafunguka. Gesi ya silinda ikiingia kwenye maji, utaona mapovu ndani ya rejeta na mipira ya maji itakakamaa mapema injini ikiwa bado baridi. Maji yakiingia silinda, gari litatetemeka asubuhi na kutoa moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto. Maji yakichanganyika na oili, kijiti kitatoka na kitu kama chai ya maziwa. Na gasketi ikipasuka kati ya silinda mbili jirani, gari linaweza lisitoe moshi wala kupoteza maji. Linakosa nguvu tu, na mwenyewe anabadilisha plagi wiki nzima bila kupata nafuu.

Chini ya hedi kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Ringi za pistoni zikiungua hupoteza mkazo wake, na gari linaanza kula oili mwezi mmoja au miwili baada ya "kutengenezwa". Sili za valvu hukauka na kuwa ngumu kama plastiki. Beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), zinazoishi juu ya utando mwembamba wa oili, haziwezi kuvumilia oili iliyochanganyika na maji. Ndiyo maana mtu anayekupa bei moja kwa simu, kabla hajafungua chochote, anakisia tu. Na kosa lake la kukisia utalilipa wewe.

Majibu ya bei nafuu kwanza

Kabla spana haijagusa bolti ya hedi, kuna vipimo vinavyochukua saa moja au mbili. Cha kwanza ni kupima kompresheni, yaani msukumo wa hewa ndani ya silinda: plagi zote zinatolewa, betri iwe imejaa, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, na geji ifungwe silinda moja baada ya nyingine. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya 12 na 15 za baa. Lakini angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, ina neno.

Ukikuta silinda iliyo chini, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zinavuja, kwa sababu oili imeziba kwa muda nafasi yake. Kisipopanda, hewa inatokea juu, kwenye valvu au gasketi. Kwangu silinda ya 2 na ya 3, zinazopakana, zilikuwa chini zote mbili, na oili haikubadilisha kitu. Ya 1 na ya 4 zilikuwa sawa. Kwa kijiko kimoja cha oili tukajua kwamba pesa kubwa, kwa wakati huo, haiko kwenye pistoni.

Wakati huo huo ulizia gari lilichemka wapi. Mombasa inatusaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Gari linalochemka kwenye foleni ya Likoni au likisota kuingia daraja la Nyali, kisha likapoa likishika kasi, karibu kila mara tatizo ni feni: mota, rilei, fyuzi au kihisi chake. Gari likienda mbio, upepo wa barabarani hufanya kazi ya feni. Lakini gari linalotulia foleni yote, kisha likachemka linapopanda Mazeras likiwa na mzigo, lina ugonjwa mwingine: rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, au themostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) haifunguki yote. Andika hili kwenye karatasi kabla hujasahau. Litakuja kuwa na fungu lake kwenye bajeti.

Siku ya rula

Hedi ilipotoka niliipeleka mwenyewe kwa fundi wa mashine, upande wa Changamwe, nikakaa pale pale. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Aliisugua uso wake mpaka ikang'aa, akalaza juu yake rula nene ya chuma iliyonyooka, kutoka pembe hadi pembe, akawasha tochi nyuma yake. Katikati pakaonekana mstari wa mwanga. Kisha akatoa vibati vyembamba vya kupimia. Cha milimita 0.05, ambacho ndicho kikomo kwa hedi nyingi za aina hii, kilipita bila kugusa. Cha 0.10 kikapita. Cha 0.15 kikakwama. Unywele wa mtu ni mnene kiasi hicho au pungufu kidogo, na upana huo ndio uliotosha kulaza gari.

Kusaga hedi ili uso unyooke ni kazi ya kawaida, lakini kuna maswali matatu ambayo wengi hawaulizi.

Swali la kwanza: utaondoa kiasi gani? Kila unyoya unaosagwa unapunguza chumba cha moto na kupandisha kompresheni. Injini ina kikomo chake, na hedi iliyokwisha kusagwa mara mbili na mmiliki aliyetangulia huenda haina tena cha kutoa. Mwambie aondoe kile kinachohitajika tu, akupe kipimo cha kabla na cha baada.

La pili linahusu kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Hedi ikipinda, haipindi chini tu. Hata vitanda vya kamshafti juu yake hupinda. Ukisaga uso wa chini utanyooka, lakini vitanda vitabaki na mgongo. Kipimo chake ni rahisi: valvu zikiwa zimetolewa, kamshafti ilazwe mahali pake, vifuniko vifungwe, izungushwe kwa mkono. Ikizunguka laini, sawa. Ikikaza katikati, hedi hiyo ikifungwa itakula kamshafti, na mara nyingi ni nafuu kutafuta hedi nyingine. Sijui kipimo kingine cha dakika tano kinachookoa pesa kama hiki.

Swali la tatu ni nyufa. Hedi ifungwe matundu, itiwe hewa ya msukumo ndani ya maji ya moto, na mapovu yatafutwe. Nyufa hupenda kukaa kati ya kiti cha valvu na kiti cha valvu, na nyingine hazijitokezi mpaka chuma kipate joto.

Na hapa nirudi kwenye ule mtungi. Kuzunguka matundu ya maji, hedi yangu ilikuwa imeliwa: vishimo vidogo, na ukoko mweupe. Sehemu ilikuwa kazi ya miaka, si ya siku moja, kwa sababu mwenye gari kabla yangu alikuwa akijaza maji ya kisima. Sisi watu wa pwani tunajua jinsi chumvi inavyokula mabati na vyuma vya madirisha. Alumini ndani ya injini, ikiwa na joto juu yake, huliwa vivyo hivyo. Vishimo vikifika chini ya mdomo wa gasketi, hakuna gasketi itakayoziba. Vinachomelewa kwa alumini kisha kusagwa, au hedi inatupwa. Na maji baridi yakimiminwa juu ya chuma cha moto yanaweza kupasua kile ambacho joto liliacha kizima. Ukikwama njiani, subiri injini ipoe mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuungua. Hapo ndipo fungua, tia maji masafi polepole.

Bloku nayo ipimwe kwa rula ile ile ikiwa garini. Angalia kuta za silinda: ile mistari myembamba inayokatizana iliyochorwa kiwandani ikiwa bado ipo, na ukucha haukwami kwenye mchubuko wowote, usiguse pistoni. Oili ikiwa iligeuka maziwa na gari likaendeshwa hivyo, shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), fungua kifuniko kimoja cha beringi ya konrodi (mkono unaoshika pistoni). Beringi yenye rangi ya kijivu sawasawa inaweza kurudi. Iliyoonyesha shaba imekwisha.

Njia nne, na milango yake

Baada ya vipimo hivyo unajua umesimama wapi. Mtu mwenye bahati anahitaji gasketi, kusaga hedi, bolti mpya na oili. Anayefuata anahitaji hedi kamili: sili za valvu, viti kusagwa, pengine valvu kadhaa. Wa tatu anafanya ovaholi yote: ringi, beringi, pampu ya oili, sili za mbele na nyuma, gasketi zote, na kwa injini ya cheni kama hii yangu, cheni na kikazo chake. Wa nne anabadilisha injini.

Katika njia ya tatu kuna mtego wa kutazamwa. Injini ya dizeli ya Toyota 5L, inayojulikana sana kwenye matatu, ina bloku ya chuma cha kutupwa. Silinda zikichubuka zinatobolewa, pistoni kubwa zaidi zinatiwa, kazi imekwisha. Injini ya 1NZ, iliyo ndani ya NZE yangu, ni alumini yenye ganda jembamba la chuma ndani ya kila silinda. Haikukusudiwa kutobolewa kama zile za zamani. Silinda zake zikichubuka vibaya, ovaholi haina maana ya kifedha, na mtu anayekuahidi "tutatoboa tu" unapaswa kumwuliza pistoni za saizi hiyo atazipata wapi kabla hujampa hata shilingi.

Injini ya mtumba kutoka Japani inavutia kwa sababu bei yake inajulikana siku ya kwanza. Lakini ya kwako ukiitengeneza unajua ndani yake kuna nini. Ile ya dukani huijui. Fungua kifuniko cha oili uone kama kuna matope meusi. Toa plagi. Pima kompresheni ikiwa imelala pale pale sakafuni, kwa betri na stata. Hakikisha nyaya na vihisi vyake vinalingana na gari lako, kwani injini ya jina moja hutofautiana kati ya gari na gari. Pata risiti yenye nambari ya injini na muda wa dhamana ulioandikwa. Nambari hiyo imo kwenye logbuku, hati ya umiliki wa gari, kwa hiyo ukibadilisha injini unatakiwa kuisajili upya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bila karatasi za ununuzi utasumbuka siku ya kuuza gari.

Uamuzi wangu huwa hivi: makadirio ya ovaholi kamili yakipita bei ya injini ya mtumba iliyopimwa, pamoja na kazi ya kuifunga, nachukua injini. Na jumla ikipita nusu ya bei ambayo gari lingeuzwa likiwa zima, nakaa chini na mke wangu kwanza, maana hapo swali si la fundi tena.

Kugawa pesa

Siandiki bei za spea hapa, kwa sababu zinabadilika na shilingi, na duka la barabara hii halilingani na la barabara ile. Ninachoweza kukupa ni mgawanyo. Katika kila shilingi 10 ulizonazo kwa kazi hii, weka 1 ya kujua: kupima, kufungua, rula, hewa ya msukumo. Weka 5 za kutengeneza kilichoharibika. Weka 2 za chanzo. Zilizobaki 2 usiziguse. Zinasubiri bolti itakayokatikia ndani ya bloku, sensa itakayovunjika wakati wa kutoa, mpira ulioonekana mzima ukapasuka ulipokunjwa. Nimeona hizo 2 zikirudi mfukoni mara moja tu.

Fungu la chanzo ndilo watu hukata pesa zikipungua, na ndilo linalorudisha gari gereji. Injini mpya ikifungwa na feni ile ile mbovu itachemka foleni ile ile. Themostati ni kitu kidogo cha bei ndogo. Tia mpya, na usimruhusu yeyote kuiondoa kabisa eti "huku pwani kuna joto". Bila themostati injini huchelewa kufika joto lake, hula mafuta, na mzunguko wa maji unaharibika. Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi kubwa: msukumo wake, karibu baa 1, hupandisha kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Kikilegea, maji yanachemka mapema na kumwagika. Na tia kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini. Ikikushinda bei, nunua iliyokolea uichanganye na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, si asidi. Maji ya kisima yabaki kufua nguo.

Kuna gharama ambazo hazimo gereji. Oili utainunua mara mbili: ya kwanza inasafisha mabaki ya maji na vumbi la kazi, inamwagwa baada ya kilomita 500 hadi 1,000 pamoja na filta yake. Kisha kuna siku gari limelala. Kama unabebea mzigo kutoka soko la Kongowea, hesabu nauli ya tuktuk na mapato unayopoteza kwa wiki mbili, si kwa zile siku tatu ulizoahidiwa.

Kwa fundi, heshima na maandishi huenda pamoja. Nilikubaliana na wangu kazi kwa hatua nne: kufungua na kupima, mashine, kufunga, kujaribu. Kila hatua ina malipo yake kwa M-Pesa, na inayofuata haianzi bila mimi kuona. Spea tulikwenda dukani pamoja. Yeye akachagua, mimi nikalipa, risiti nikazishika. Vya zamani vyote vilirudi kwangu ndani ya gunia. Hakukasirika. Fundi anayejua kazi anafurahi mwenye gari akielewa, kwa sababu hatalaumiwa kwa lisilo lake.

Bolti za hedi usizirudishe bila kupimwa. Za injini hii hufungwa kwa nguvu ndogo kwanza, kisha kila moja inazungushwa nyuzi 90 mara mbili, na katika kuzungushwa huko zinavutika kama mpira. Iliyokwisha kuvutika kupita kiasi haibani tena. Simama pale siku ya kufunga, uone spana ya kipimo ikitumika, uone mpangilio ukianzia katikati kwenda nje.

Siku ya mwisho, gari liliwashwa kwenye jua, boneti wazi, bila kusogea. Tukakaa kwenye kivuli cha mwarobaini tukilisikiliza. Baada ya muda feni ikawaka, ikavuma, ikazima yenyewe. Fundi akainua mkono nisisimame bado. Ikawaka mara ya pili, ikazima. Tukagusa mipira miwili ya rejeta, wa juu moto, wa chini vuguvugu. Tukachungulia kwenye chupa ya akiba, hakuna povu. Hapo ndipo nilipomtumia salio lake.